Kuku Aliyekuja Kusali Rozari



Mara nyingi tumeombwa kuandika neno juu ya malezi ya watoto wadogo, na mara nyingi tumekataa. Tulisema: watoto wetu wangali wadogo, kazi haijaisha, nani amsifuye mjenzi kabla mvua haijanyesha juu ya malata yake? Safari hii tumekubali. Si kwamba tumepata elimu mpya. Ni kwa sababu ya kuku mmoja, kama mtakavyoona. Lakini kuku angoje kidogo.

Watoto wetu ni watatu. Majina yao ya ubatizo hatuyaandiki hapa, maana yule wa kwanza, msichana wa miaka tisa, amekwisha kujua kusoma, na gazeti hili hufika nyumbani kwetu. Yeye tutamwita Mkubwa. Wa pili ni mvulana wa miaka sita. Kambo yake, mama wa mama yake, alimpa jina la Kasuku tangu alipoanza kusema, kwa sababu kila neno linaloingia sikioni mwake hutoka tena kinywani mwake, na hupenda kutoka mbele ya wageni. Wa tatu ni Kitinda, msichana wa miaka mitatu. Na sisi tukisema "sisi", mara ni baba na mama pamoja, mara ni baba peke yake. Msomaji atatambua mwenyewe, hasa pale penye kosa.

Nyumba yetu iko Kalemie, si mbali na pale mto Lukuga unapotoka katika Ziwa Tanganyika. Ni nyumba ya matofali, jiko liko nyuma, na katikati ya ua umesimama mpera mmoja. Watoto waupenda mpera huo kwa matunda yake. Sisi tulikuwa tunaupenda kwa fito zake.

Watu hudhani kwamba katika nyumba ya mwalimu wa dini watoto huzaliwa na katekisimu kichwani. Wakipita njiani jioni na kusikia tunasali, husema: "Ile ndiyo nyumba!" Laiti wangeingia! Wangeona mmoja amelala, mmoja anahesabu vidole vya miguu vya mwenzake, na Kasuku, aliyezoea litania, anajibu "utuombee" hata pale mama yake anapouliza ni nani aliyemwaga maji ya kunywa.

Tumweleze kwanza Kitinda. Kila Jumapili asubuhi mama yake humwosha uso na kumwambia: "Haraka, twende nyumbani kwa Mungu." Basi siku moja alimwona padri wetu anatoka kwa mlango wa kando ya kanisa, funguo mkononi, akifunga mlango kama mtu anayefunga nyumba yake. Kitinda akamwendea, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa, akampa mkono, akasema: "Jambo, Mungu. Mbuzi wako amekula lengalenga yetu."

Padri alicheka mpaka funguo zikaanguka. Akainama, akamwambia: "Mwanangu, mimi si Mungu. Mimi ni mtumishi wake tu."

Kitinda akafikiri. "Basi umwambie," akasema.

Na kweli mbuzi alifungwa kamba tangu siku ile. Tulikuwa tumelisema jambo hilo la mbuzi mara mbili katika mkutano wa parokia, kwa adabu zote, bila kupata kitu.

Kasuku yeye ni mtu wa maswali. Mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa ziwani tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaana, hakuwa bado na miaka mitano. Ninyi mnaokaa kando ya ziwa mnajua miezi ile ilivyokuwa. Ndagala waliobaki sokoni walikuwa wachache na bei yao ilipanda juu, na mwenye mshahara mdogo alirudi na majani ya muhogo tu. Kwetu chakula kilikuwa kimoja kwa siku, tena jioni. Usiku mmoja, baada ya sala ya Bwana, Kasuku akauliza: "Baba, kwa nini tunaomba mkate? Jana tuliomba mkate, tukapewa bukari."

Tulimweleza vizuri. Tulisema kwamba katika nchi ya Yesu watu walikula mkate wa ngano, na kwamba neno hilo maana yake ni chakula chote kinachotupa uzima. Tulijisikia tumejibu kama daktari wa Kanisa.

"Kumbe Yesu hakujua bukari," alisema Kasuku kwa huruma.

Kesho yake, tulipofika mahali pale pa sala, tulisikia sauti moja nyuma yetu ikiomba bukari, na baada ya bukari ikaongeza ndagala. Tukageuka tumkemee. Lakini mama yao akatushika mkono, akasema: "Mwache, Baba watoto. Labda yeye anasikilizwa zaidi kuliko sisi." Tulimwacha. Alisali hivyo mpaka wavuvi waliporudi majini, akaona kwamba ndiye aliyewaleta.

Neno jingine lake ni juu ya Komunyo ya kwanza. Mkubwa alipoipokea, akiwa na nguo nyeupe na soda mezani, Kasuku aliona wivu mkubwa. Tukamweleza sheria ya Kanisa: zamani watoto katika nchi nyingi walingoja mpaka miaka kumi na miwili au zaidi, lakini Papa Mtakatifu Pio X, mwaka 1910, aliamuru waruhusiwe wanapofikia umri wa akili, yaani karibu na miaka saba. Kasuku alisikiliza yote. Kisha akafungua kinywa, akatuonyesha pengo. "Nina miaka sita," akasema, "lakini meno mawili yamekwisha kutoka." Alidhani kila jino ni nusu mwaka. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa analitikisa la tatu.

Sasa habari ya sukari. Katika parokia yetu tulikuwa na mkutano wa wazazi, nasi tulipewa kufundisha juu ya maneno matatu ambayo Papa Fransisko, yule aliyefika Kinshasa mwaka 2023 na kufariki mwaka 2025, alipenda kuwakumbusha watu wa ndoa, na aliyoyaandika tena katika barua yake ya mwaka 2016 juu ya upendo katika jamaa: kuomba ruhusa, kusema asante, kuomba msamaha. Tulifundisha kwa bidii. Mama mmoja alilia. Kasuku alikuwa nje chini ya dirisha, akicheza na vizibo vya chupa.

Jioni ile tuliingia nyumbani kimyakimya, tukamkuta peke yake mbele ya kopo la maziwa ambamo mama yake huficha sukari. Hakutuona. Alisimama wima, mikono nyuma, akaliambia kopo: "Naomba ruhusa." Akangoja kidogo. Kopo halikukataa. Akatia kijiko, akala. "Asante," akasema. Akatia cha pili. Hapo akasikia pumzi zetu, akageuka, mashavu yamejaa, ndevu nyeupe za sukari kidevuni, akasema upesi: "Unisamehe."

Hakusahau neno hata moja. Tulilazimika kutoka nje, kwenda mpaka kwenye mpera, kucheka huko, kupangusa macho, na kurudi tukiwa na uso wa hasira. Tulivunja ufito mmoja njiani, lakini hatukuweza kuutumia.

Na sasa kuku.

Ilikuwa siku ya Ijumaa, mwezi wa Oktoba, mvua imenyesha tangu saa kumi. Umeme ulikuwa umekatika. Tulipiga magoti juu ya mkeka, mshumaa mmoja mbele ya sanamu ya Mama Maria, mama yao kando na Kitinda amelala mapajani mwake, jambo ambalo sisi hatukuliona, kwa kuwa tulikuwa tumefumba macho. Siku ya Ijumaa, kama mnavyojua, ni mafumbo ya uchungu. Tukafika la pili: Yesu anapigwa mijeledi.

Katikati ya fumbo hilo tulisikia kitu kimekuja juu ya miguu yetu, nyuma, kikatulia hapo. Chepesi, chenye joto. Tukajua: ni Kitinda, amechoka, ameegemea. Bila kufumbua macho tukanyosha mkono nyuma, tukapapasa kilichoko, tukasikia kitu laini, tukadhani ni kitambaa chake cha kichwa. Tukasema polepole: "Tulia, mwanangu, Mama Maria anakuona."

Hapo Kasuku akacheka. Si kicheko cha kuzuia na mkono. Kilitoka kama maji kwenye bomba lililopasuka, mtoto akaanguka juu ya mkeka, miguu juu. Tulipofumbua macho na kugeuka, hatukuona kitu kingine ila yeye. Kucheka! Tena pale Bwana anapopigwa mijeledi, katika nyumba ya mwalimu wa dini, na majirani wanasikia! Hatukuuliza. Tulitoka mvuani, tukakata ufito, tukarudi, tukampiga mara tatu. Tulisema, kama baba yetu alivyotuambia sisi zamani: "Ninakupiga kwa sababu ninakupenda." Kisha tukamalizia rozari. Mafumbo matatu yaliyobaki Kasuku alijibu vizuri sana, bila kosa.

Asubuhi Mkubwa alitufuata tulipokuwa tunapiga mswaki. Alisimama mbali kidogo. "Baba," akasema, "jana usiku ulimpapasa kuku."

"Kuku gani?"

"Kuku wa Mama, yule mwekundu. Aliogopa mvua. Alikaa juu ya miguu yako, ukamwambia Mama Maria anamwona. Kasuku alipocheka, kuku alikimbia chini ya kitanda."

Tulitazama chini ya kitanda. Yai lilikuwapo.

Tukamwita mama yao, tukamwonyesha yai, naye alipoelewa alikaa chini, akacheka hata machozi yakatoka, na sisi tukacheka pamoja naye. Habari ilifika kwa majirani kabla ya saa mbili. Padri mwenyewe alitusimamisha njiani, akauliza kama kuku amekwisha kuandikwa katika daftari la wakatekumeni. Tulicheka juma zima. Lakini Kasuku hatukumwambia neno. Tulisema moyoni: amekwisha kusahau, mtoto hasahau chakula, lakini fimbo huisahau upesi. Hivi ndivyo tulivyojidanganya.

Hapa tuungame jambo. Tulipokuwa seminarini, kabla ya kutambua kwamba Mungu anatuita katika njia ya ndoa, tulisoma habari za Mtakatifu Yohane Bosco, yule padri wa Torino aliyefariki mwaka 1888, ambaye wanashirika wake walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911. Yeye alilea vijana wa barabarani, wengine wagumu kuliko Kasuku mara mia, na alitaka waongozwe kwa akili, kwa dini na kwa upole wa moyo, bila mapigo. Mwaka 1884 aliwaandikia wasaidizi wake kutoka Roma kwamba haitoshi vijana wapendwe. Yafaa wajue wenyewe kwamba wanapendwa. Tuliulizwa neno hilo katika mtihani. Tulilijibu kwa ukurasa mzima, tukapata alama nzuri.

Jumamosi iliyofuata watoto walikuwa wanacheza misa nyuma ya jiko. Mchezo huu unajulikana katika nyumba nyingi za Wakristo, wala si dharau; mapadri wengi walianza hivyo. Kasuku alikuwa amejifunga kitenge cha mama yake mabegani. Alitangaza kwamba yeye ni Padri Stefano Kaoze, maana kambo amewasimulia juu ya Mkongo huyo wa kwanza aliyepewa daraja ya upadri katika nyakati zetu, tarehe 21 Julai 1917, kule Baudouinville, karibu na Moba. Chetezo kilikuwa kopo la nyanya lenye kamba, na ndani yake jivu la mbabula. Waumini walikuwa Kitinda, watoto wawili wa jirani, gunzi moja la muhindi lililovishwa kitambaa, na yule kuku mwekundu, amefungwa mguu.

Sisi na mama yao tulikuwa upande wa pili wa ukuta wa jiko. Yeye alikuwa anachambua maharagi, sisi tunatengeneza mguu wa kiti. Tukaacha kazi, tukasikiliza.

Mahubiri yalikuwa mafupi. Matangazo yalikuwa marefu, kama kwetu. "Mbuzi wa Padri afungwe vizuri. Aliyechukua benchi la kanisa kwa ajili ya matanga alirudishe. Wazazi ambao hawakuja kwenye mkutano, tunawajua." Mama yao alijiziba kinywa na kitenge. Alitutambua sisi mtupu, sauti yetu, hata kikohozi chetu kabla ya kusema "tunawajua".

Kisha misa ikaisha, Padri Kaoze akavua kitenge, akavaa viatu vyetu vya zamani, vikubwa kama mitumbwi, akawa Baba Mwalimu anayerudi nyumbani. Alikohoa mlangoni. Akauliza kama simu yake imepata moto. Akaketi juu ya jiwe, akapumua kwa nguvu, akasema: "Ah! Watu wa Mungu ni wazito." Mama yao alikuwa ameinama juu ya maharagi, mabega yakitikisika. Na sisi tulicheka. Tuliona fahari hata.

Halafu Baba Mwalimu akalitwaa lile gunzi, akaliweka mbele yake.

"Umecheka?" akaliuliza.

Gunzi halikujibu.

"Umecheka Bwana Yesu akipigwa?"

Akaokota ufito. Akalipiga gunzi mara tatu, bila haraka, kwa kipimo, kama tunavyofanya sisi. Na katika kila pigo alisema kwa sauti yetu: "Ninakupiga kwa sababu ninakupenda. Ninakupiga kwa sababu ninakupenda. Ninakupiga kwa sababu ninakupenda."

Kitinda akauliza: "Mtoto huyu jina lake nani?"

Kasuku akataja jina lake mwenyewe. Si Kasuku, lile la ubatizo.

Kisha akalilaza gunzi chini, akamgeukia kuku, akampapasa mgongoni polepole. "Tulia, mwanangu," akasema, "Mama Maria anakuona."

Watoto wa jirani walicheka sana. Upande wetu wa ukuta hakuna aliyecheka. Mama yao hakututazama. Aliendelea kuchambua maharagi, akitupa mawe moja moja kwenye sahani, nasi tulisikia kila jiwe.

Ninyi wasomaji labda mtasema: jambo dogo, viboko vitatu, mtoto mwenyewe anacheza. Sisi pia tulisema hivyo, siku tatu nzima. Tulisema tena kwamba Kitabu cha Methali kinamlaumu baba anayeficha fimbo, na tumewafundisha wengine hivyo. Lakini Methali haisemi popote kwamba apigwe asiye na kosa. Na lililotuuma zaidi si viboko. Ni lile neno la mapenzi, tulilomfundisha kulisema na ufito mkononi. Sasa amekwisha kulijua kwa moyo, na siku moja atakuwa na watoto wake.

Tulitaka kumwomba msamaha, lakini tuliona haya. Kwetu baba hamwombi mtoto msamaha. Humpa kipande cha nyama kikubwa kuliko cha wengine, na mtoto mwenye akili hufahamu. Siku ya Jumatatu tulimpa Kasuku kichwa cha samaki. Alikila, akaomba na mkia.

Jioni ile kambo alikuja. Mama mkwe wetu ni mtu wa desturi. Hasemi nasi uso kwa uso, kwa heshima ya ukwe. Akitaka kutuambia neno huuambia ukuta, na ukuta hutufikishia. Binti yake alikuwa amemsimulia yote. Basi aliketi, akautazama ukuta, akasema: "Ukuta, mimi ninajua hivi: baba akimwomba mtoto msamaha leo, kesho mtoto atamtuma maji."

Tulifurahi. Tuliona neno limekwisha.

Akanyamaza kitambo, akitafuna muhogo wake. Kisha akauambia ukuta tena: "Nilizaa saba. Nilizika wawili. Wale watano waliobaki, fimbo nilizowapiga nimezisahau. Za wale wawili ninazikumbuka zote."

Akainuka, akaaga, akaenda zake.

Siku ya Jumanne, kabla ya rozari, tulimwita Kasuku nyuma ya nyumba. Alikuja polepole, akiangalia mikono yetu. Tulipofungua kinywa, yeye alitutangulia: "Baba, unisamehe."

"Kwa kosa gani?"

"Sijui," akasema. "Lile ulilolijua."

Tuliketi chini, juu ya mzizi wa mpera, ili macho yetu yalingane na yake. Maneno tuliyoyafundisha mbele ya wazazi arobaini bila kigugumizi hayakutaka kutoka. Mwishowe tulisema kwamba siku ile ya mvua yeye hakuwa na kosa. Kwamba kuku alikuwapo kweli. Kwamba yeyote angecheka, hata Padri angecheka. Kwamba baba hakuuliza, na ilimpasa kuuliza. Tukasema: "Unisamehe, mwanangu."

Alitutazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta mtego uko wapi. Akatikisa jino lake la tatu kwa ulimi.

"Ndiyo," akasema. Halafu: "Na kuku ataomba msamaha lini?"

Tukamwambia kwamba kuku hana akili. Hakukubali. Alisema kuku ndiye aliyeanza, wala hakupigwa, wala hakuomba msamaha, tena alitaga yai likaliwa na Baba. Katika yote hayo alisema kweli, hasa juu ya yai. Tukamwahidi yai litakalofuata.

Hatutaki msomaji afikiri kwamba tangu hapo nyumba yetu ni kama ile ya Nazareti. Mwezi wa Desemba tulimpiga Kasuku tena, alipompeleka Kitinda mpaka kwenye mitumbwi bila ruhusa, na maji yalikuwa makali. Tulimpiga kwa hofu, mikono ikitetemeka, na safari hiyo hatukusema lile neno. Mama yao anasema hata hivyo haikufaa. Bado tunabishana juu yake, usiku, watoto wakilala. Na mpera umeanza kuwa na matawi mengi. Jirani ameuliza kama tumeutia mbolea.

Kasuku hajatutuma maji. Lakini amepata desturi moja. Kila jioni, mama yao anapowasha mshumaa, yeye hutoka kwanza uani, na tunasikia kelele za mbawa. Hurudi akipangusa mikono kwenye suruali, hupiga magoti, si nyuma yetu tena bali kando, hugeuka na kutazama kama miguu yetu iko wazi, hakuna kitu juu yake.

"Baba," husema, "nimemfunga. Fumba macho sasa."